Mtambo Hufia Stoo

Nimefunga na kutengeneza mitambo ya hewa katika majengo ya Garissa, Wajir na Mandera kwa muda wa kutosha kujua kwamba joto silo linaloiua. Wanaotuletea mitambo kutoka Nairobi hudhani hivyo. Husikia kwamba Garissa imefika nyuzi 38, wakaamua kuwa mashine haiwezi kudumu huko. Inadumu. Inayokufa ni ile iliyolala nje miezi mingi chini ya turubai kabla ya kufungwa, au ile iliyofungwa vizuri kisha ikaachwa bila mtu mwenye ufunguo wa mlango wa paa.

Nieleze kwanza ni mtambo upi, maana wengi huuchanganya na kiyoyozi. Kiyoyozi cha ukutani, kile kinachoonekana katika kila ofisi na hoteli ya mjini Garissa, hakiingizi hewa mpya. Kinavuta hewa ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha chumbani humo humo. Watu 40 wakijifungia katika ukumbi wa mikutano, madirisha yamefungwa ili ubaridi usitoke, baada ya saa moja wanavuta pumzi za wenzao zilizopozwa. Kichwa kinauma, macho yanakuwa mazito, na akikohoa mmoja wamekoholewa wote.

Mtambo wa hewa safi unaookoa nishati una feni mbili. Moja inaingiza hewa ya nje, nyingine inatoa hewa iliyotumika. Njia hizo mbili hukutana kwenye gurudumu kubwa lenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, linalozunguka polepole, nusu yake ikiwa katika hewa ya baridi inayotoka na nusu katika hewa ya moto inayoingia. Sehemu iliyopozwa na hewa inayotoka huzunguka ikafika upande wa kuingilia, ikapokea joto la nje kabla halijafika chumbani, kisha ikarudi kulimwaga nje. Gurudumu lililopakwa dawa ya kunyonya unyevu huufanyia unyevu vivyo hivyo. Iko pia aina isiyo na gurudumu, yenye mabamba membamba yaliyopangwa kwa zamu, hewa mbili zikapishana bila kuchanganyika. Nitairudia hiyo, kwa sababu ina nafasi yake Mandera.

Tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021 kuhusu hewa ya ndani, lilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu katika majengo ya kawaida ya umma. Ukumbi wa watu 100 basi unataka lita 1,000 kwa sekunde. Nje ni nyuzi 38, ndani mnataka 25. Kuipoza hewa hiyo tu, kabla hujahesabu miili ya watu, taa na jua la dirishani, kunataka ubaridi wa takriban kilowati 15 na nusu. Gurudumu lenye ufanisi wa asilimia 70 linaishusha hewa hadi karibu nyuzi 29 kabla haijakifikia kiyoyozi, na karibu kilowati 11 zinaepukwa. Mjini Garissa hizo ni pesa za bili. Wajir na Mandera, ambako kwa miaka mingi stima imetoka kwenye jenereta za dizeli nje ya gridi ya taifa, hizo ni mapipa ya mafuta yaliyosafirishwa mamia ya kilomita kwa lori.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaosema mtambo huu ni anasa ya Ulaya. Ulaya huutumia kuzuia joto lisitoke wakati wa baridi, sisi tunautumia kuzuia joto lisiingie, na tofauti ya nyuzi 13 kati ya nje na ndani ni kubwa popote ulipo. Lakini nasema pia, na nimewahi kuwaambia wateja waliotaka kunilipa: jengo lenye madirisha pande mbili, kibaraza na dari ndefu halihitaji mtambo wangu. Mama wa Kisomali anayejenga aqal, nyumba yake ya mikeka, anajua ni upande gani wa kuinua mkeka ili upepo upite. Waliojenga nyumba za kale za Lamu walijua pia. Tatizo ni majengo mapya ya vioo vilivyogandishwa ukutani, yaliyochorwa bila kujali upepo unatoka wapi. Hayo ndiyo yanayotuita.

Sasa nifike stoo.

Mwaka wa fedha wa serikali nchini Kenya huisha tarehe 30 Juni. Pesa za mradi zisizotumika kufikia siku hiyo huleta taabu, kwa hiyo wiki za mwisho kabla ya Juni kuisha huwa za kununua. Vifaa huagizwa wakati jengo lingali kwenye lenta. Mitambo inafika Julai au Agosti, imefungwa kwenye makreti mazuri, jengo halina paa, hakuna aliyekumbuka kutenga chumba cha kuihifadhi. Inashushwa uani. Inafunikwa turubai. Kisha inapita hagaa na upepo wake wa vumbi, inapita deyr na mvua zake za Oktoba hadi Desemba, inaingia jilaal, ile kavu kali ya mwanzo wa mwaka, bado imelala pale pale. Siku jengo linapokuwa tayari kuupokea, mtambo umezeeka bila kufanya kazi hata saa moja.

Niliitwa mara moja kwenye jengo la umma, jina lake nitaliacha, kuwasha mitambo ya namna hiyo. Turubai lilikuwa jeusi na limefungwa hadi chini kwa kamba, kazi ya mtu aliyedhani anatunza. Ndani yake unyevu wa mvua ulikuwa umekosa pa kutokea, mchana ukawa mvuke, usiku ukawa matone juu ya bati. Kreti zilikuwa zimekaa juu ya mbao, na mchwa walikuwa wamezila mbao hizo hadi mtambo mmoja ukaegemea upande. Midomo ya dakti ilikuwa wazi. Vumbi jekundu lilikuwa limeingia wakati wa upepo, mvua ikalifuata, na vitundu vya gurudumu upande wa chini vilikuwa vimezibwa kwa tope lililokauka likawa gumu. Panya walikuwa wamekula waya za kudhibiti na kujenga kiota nyuma ya feni. Mshipi wa gurudumu ulikuwa na nyufa. Feni tulipoiwasha ililia, kwa sababu ekseli yake ilikuwa imesimama mahali pamoja muda wote huo, uzito wote ukilalia gololi zile zile za beringi, na kutu ilikuwa imechora mstari pale.

Waliokuwa pale walisema kampuni imeuza mashine mbovu. Nilikataa. Mashine ilikuwa nzima ilipoondoka kiwandani, na bila shaka ilikuwa nzima ilipovuka daraja la Tana. Kilichoiharibu ni kwamba kati ya kuinunua na kuitumia hapakuwa na mwenyewe. Ofisi ya ununuzi ilikuwa imemaliza kazi yake. Kontrakta alisema mtambo si wake hadi aufunge. Aliyepokea alitia saini karatasi bila kufungua kreti hata moja. Hakuna aliyefanya uovu wowote, na bado mali ya umma ikaoza uani.

Nataka kumtaja mtu mwingine, wa kazi nyingine, ingawa jina lake nalo nitaliacha kwa heshima yake. Alikuwa mzee wa ulinzi katika mradi mmoja uliochelewa sana. Nilimwita adeer, yaani ami, kama vijana wote wa pale walivyomwita. Ujanani alikuwa tanboi wa malori ya njia ya Mandera, na beringi alizijua kuliko wahandisi wengi niliokutana nao. Nilimwonyesha jinsi ya kufungua mlango mdogo wa mtambo na kuzungusha feni na gurudumu kwa mkono, mizunguko michache tu, kisha aiache ekseli isimame mahali tofauti na pale ilipokuwa. Hakuniuliza kwa nini. Alisema, "Hii kitu ikilala sana inasahau kuzunguka." Akafanya hivyo kila Ijumaa akitoka msikitini, na kila alipomaliza aliweka alama ya chaki ukutani. Ile mitambo tuliiwasha ikaenda kimya. Mzee hakuwa na mkataba wa matengenezo, na hakuna aliyemlipa zaidi ya mshahara wa ulinzi. Alikuwa na jambo moja tu ambalo uani kule kwingine lilikosekana: alijua kwamba ni lake.

Kwa mtu atakayepokea mtambo huku kwetu, hivi ndivyo ninavyofanya. Nafungua kreti kabla ya kutia saini, lori lingali hapo, na kila palipobonyea napaandika kwenye hati ya kupokelea na kupiga picha. Mtambo unaoweza kufika uzito wa tani moja hauinuliwi kwa kamba iliyozungushwa tumboni, unainuliwa kwa matundu ya msingi wake, na mahali pasipo na kreni tunauviringisha juu ya mabomba kwa subira. Unakaa ndani, chini ya paa, juu ya matofali ya saruji na si mbao, kimo cha goti kwenda juu, kwa sababu mto Tana una desturi zake. Mabwawa ya juu, kuanzia Masinga, yakijaa na kumwagika, maji yanafika Garissa bila kujali ratiba ya mradi. Mwishoni mwa 2023 barabara ya kuja Garissa ilifunikwa na maji upande wa Madogo, ng'ambo ya mto, na mizigo ikasimama huko. Midomo yote ya hewa inazibwa kwa nailoni na gundi ya karatasi, lakini mwili wa mtambo hausongwi kwa nailoni hadi chini, uachwe upumue. Mishipi inavuliwa au kulegezwa, ikawekwa ofisini penye kivuli pamoja na kitabu cha maelekezo na vifurushi vya skrubu, maana vikibaki ndani ya kreti havitaonekana tena. Na jina la mtu mmoja linaandikwa mlangoni, huyo ndiye mzungushaji.

Kufunga nako kuna mambo ambayo mchoro uliotoka mbali hauyajui. Mchoro mmoja ulionifikia uliweka mdomo wa kuingizia hewa sentimita chache juu ya paa la mabati. Saa nane mchana hewa inayogusa mabati hayo ni moto kuliko hewa ya kawaida ya nje kwa nyuzi kadhaa, na mtambo ungeanza kazi na mzigo ambao hapakuwa na haja ya kuubeba. Tuliuinua mdomo na kujenga kivuli cha makuti na bati juu ya mtambo wote, kazi ya siku chache ya seremala. Mdomo wa kuingizia nauelekeza mbali na barabara ya vumbi, mbali na mabomba ya vyoo, mbali na moshi wa jenereta, na mbali na mdomo wa kutolea wenyewe, angalau mita tatu. Naangalia pia kusi na kaskazi. Upepo unageuka kwa misimu hata huku bara, na mahali palipo salama Julai panaweza kuvuta moshi wa jenereta Januari.

Kuna makorongo pia. Anayeijua Garissa anawajua wale ndege wakubwa wenye vipara wanaosimama juu ya miti na mapaa ya mji kana kwamba wamepangishwa. Kinyesi chao hula rangi na bati, na wanapenda kitu chochote bapa kilicho juu. Wavu wa chuma wenye mteremko juu ya mdomo wa kuingizia hewa huwanyima mahali pa kutua. Sijauona katika mchoro wowote, na siukosi katika jengo lolote ninalolifunga mimi.

Jambo moja ninaloligombania hadi kieleweke: kontrakta asiwashe mtambo wakati jengo bado linapigwa lipu na kusagwa sakafu. Huwa anataka, ili rangi ikauke na mafundi wapate hewa. Vumbi la saruji na jasi likiingia kwenye gurudumu lenye dawa ya kunyonya unyevu halitoki lote. Waletewe feni za kawaida za kusimama, zitafaa.

Tatizo lililonifundisha zaidi lilihusu stima. Katika jengo moja watumishi walilalamika kwamba hewa huwa nzito "siku zingine". Niliwakuta na hewa nzuri. Nikaondoka, malalamiko yakarudi. Filta zilikuwa safi, mishipi ilikuwa mizima, vipimo vyote sawa. Hatimaye karani mmoja wa pale, mwanamke makini, aliniambia amegundua kwamba siku hizo ni siku za kukatika stima. Nikakaa nikangoja stima ikatike, na Garissa hungoji sana. Jenereta iliwaka, nikapanda paani, feni ilikuwa inazunguka kinyumenyume. Aliyeunganisha jenereta alikuwa amebadilisha mpangilio wa fezi mbili. Wengi hawajui kwamba feni ya aina hii ikizunguka kinyume haigeuzi mwelekeo wa hewa. Inaendelea kuisukuma upande ule ule, ila kwa udhaifu mkubwa, kwa hiyo ukiweka mkono mdomoni unahisi upepo na unaridhika. Mota inanguruma kama kawaida. Hakuna taa nyekundu. Ndani watu wanakosa hewa na hakuna anayewaamini.

Tangu hapo napima mfuatano wa fezi mara mbili, kwenye stima ya gridi na kwenye jenereta, na naweka kifaa kidogo kinachozima mtambo fezi ikipotea au ikigeuka. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na mota. Lakini ninalolikumbuka zaidi ni yule karani. Fundi niliye na vipimo mfukoni nilipewa jawabu na mtu anayeketi chini ya mtambo kila siku. Tangu siku hiyo nikifika mahali naanza kwa kuwauliza wanaokaa chumbani, ndipo napanda paani.

Kitabu cha mtengenezaji kitakwambia ubadilishe filta kila baada ya miezi mitatu. Kiliandikwa na mtu ambaye hajaona jilaal. Kuanzia Januari hadi Machi, malisho yamekauka, mifugo inapita kwa maelfu kuelekea majini, magari yanatimua barabara za udongo, na filta inaweza kuwa imejaa kwa wiki mbili. Vumbi hilo hilo ndilo linalotua juu ya paneli za mtambo wa sola wa megawati 50 uliozinduliwa nje ya mji wa Garissa Desemba 2019, nazo zisiposafishwa zinatoa stima pungufu. Filta iliyojaa haiachi kuchuja. Inachuja vizuri mno, hadi hewa haipiti, na feni inahangaika bure. Ndiyo maana naweka mbele filta ya wavu inayooshwa kwa maji na kutumika tena, nyuma yake filta nzuri inayodumu zaidi, na kati yao kipimo cha shinikizo chenye mshale ambao hata mtu asiyesoma anaweza kuuona umevuka alama nyekundu. Gurudumu lenyewe linasafishwa kwa mashine ya kuvuta vumbi na brashi laini, kuanzia upande hewa inakotokea. Nimekuta watu wakilipiga kwa maji ya nguvu yale ya kuoshea magari. Linang'aa siku hiyo, na vitundu vinabonyea daima.

Usiku mambo hugeuka. Hewa ya nje inaposhuka chini ya ile ya ndani, gurudumu linalozunguka linakuwa adui, kwa kuwa linarudisha ndani joto ulilotaka litoke. Lisimamishwe, feni ziendelee, jengo lipoe bure hadi asubuhi. Mitambo mingi ina uwezo huo kwenye ubao wake wa kudhibiti na mara nyingi haujawahi kuwashwa. Lakini usilisahau limesimama kwa msimu mzima, lizungushwe kidogo kila siku.

Kuna mahali ambapo nasema hapana hata kama mteja ana pesa tayari. Gurudumu halina mpaka kamili kati ya hewa mbili. Kiasi kidogo cha hewa inayotoka hubebwa kwenye vitundu au hupenya kwenye mipira ya kingo na kurudi ndani. Ofisini hilo halina neno. Katika wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu ni hatari. Hewa ya wodi hiyo itolewe moja kwa moja nje, juu, mbali na watu, bila kupitia gurudumu, au wodi ijengwe wazi upepo uifanye kazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 kuhusu hewa ya asili hospitalini unataka lita 160 kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika vyumba vya magonjwa yanayoenea kwa hewa, kiasi ambacho wodi yenye madirisha mapana yanayotazamana inaweza kukifikia siku ya upepo.

Wajir wanalijua jambo hili kutokana na historia yao. Annalena Tonelli, mwanasheria wa Kiitalia aliyefika Kenya 1969, alianzisha huko manyatta ya kifua kikuu, ambako wafugaji waliougua waliishi katika vibanda vyao wenyewe, nje, upeponi, wakinywa dawa mbele ya muuguzi kila siku hadi wapone. Mwaka 1976 akakabidhiwa mradi wa majaribio wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wahamaji. Aliuawa mjini Borama, Somaliland, Oktoba 2003, mwaka ule ule aliotunukiwa tuzo ya Nansen ya wanaowahudumia wakimbizi. Kila ninapoletewa mchoro wa wodi ya kifua kikuu yenye madirisha yasiyofunguka na viyoyozi vinne, nauliza kwa nini tumesahau tulichofundishwa na Wajir.

Zahanati za vijijini nazo zilinifunza jambo lingine. Kabla ya friji za sola, chanjo katika vituo visivyo na stima zilihifadhiwa katika friji za gesi na mafuta ya taa. Asili ya friji hizo ni uvumbuzi wa 1922 wa wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, na huyo Munters ndiye ambaye baadaye kampuni yake, iliyoanzishwa 1955, ilijulikana kwa magurudumu ya kukausha hewa, ndugu wa karibu wa gurudumu ninalolisafisha. Friji ile ilikuwa na tabu zake: utambi ukatwe vizuri, bomba la moshi lipigwe brashi, friji ikae sawasawa, ikiinama kidogo inaacha kupoza. Wauguzi waliweza. Waliweza kwa sababu mlangoni palibandikwa karatasi, na mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, mtu aliandika joto lililosomeka, nalo lilitakiwa liwe kati ya nyuzi 2 na 8. Aliyekuja kukagua alianza na karatasi hiyo. Nimeiga utaratibu huo bila kubadilisha kitu. Kwenye mlango wa kila mtambo ninaoufunga nabandika karatasi ya mwezi yenye safu tatu: mshale wa filta, sauti, jina la aliyepanda. Mahali karatasi inapojazwa, mtambo unaishi.

Angalia pia injini za visima. Katika kaunti hizi tatu kuna visima vya kuchimba vilivyo mbali na mji wowote, joto ni lile lile, vumbi ni lile lile, dizeli hafifu, na injini zake zinafanya kazi mchana na usiku msimu wa kiangazi. Zinaharibika, lakini zinatengenezwa haraka kuliko mtambo wowote wa ofisini niliouona. Kila kisima kina mwendeshaji anayeishi hapo na kamati inayokusanya pesa kwa kila kundi linalonywa. Injini ikinyamaza, ngamia hawanywi, na kila mtu anajua ni nani wa kuulizwa. Hewa ya ofisi ikinyamaza, hakuna anayekufa mbele ya macho yetu, kwa hiyo kinachoripotiwa ni uchovu na mafua.

Baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Mandera ya mwishoni mwa 2014 na lile la Chuo Kikuu cha Garissa la 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, mafundi wengi kutoka sehemu nyingine za nchi waliacha kuja, na siwalaumu. Wengine hawajarudi. Majengo yaliendelea kujengwa, mitambo ikaendelea kuletwa, na mtu wa kuitazama akawa yuko Nairobi, karibu kilomita 370 kutoka Garissa, na mbali zaidi sana kutoka Mandera. Ndiyo maana Mandera napendekeza mtambo wa mabamba badala ya gurudumu. Ufanisi wake wa unyevu unaweza kuwa mdogo, lakini hauna mshipi wala mota ya gurudumu, na kilichobaki ni feni na filta ambazo kijana aliyefundishwa wiki moja anaweza kuzitunza. North Eastern National Polytechnic iko hapa Garissa. Vijana wake wa umeme na makenika ninaowachukua wanashika kazi upesi, na wana sifa ambayo mimi sina: hawataondoka.

Kwenu mnaoandika zabuni katika kaunti hizi: msiagize mtambo kabla paa halijafunikwa, na kama Juni inawabana, lipieni stoo ndani ya mkataba huo huo na muandike jina la mtunzaji. Tengeni fedha za filta za miaka mitatu pamoja na bei ya kununua. Mpeni kijana wa hapa ufunguo wa paa na mshahara unaojulikana. Na wewe unayesoma haya huku ukijua kuna kreti iliyofunikwa turubai katika uwanja wa ofisi yenu, nenda kesho asubuhi kabla jua halijawa kali, uifungue upande mmoja, utazame kama midomo imezibwa, uzungushe feni kwa mkono, kisha uandike tarehe ukutani.